Mabati ya Shangazi

Mwezi wa tisa wa mwaka uliopita nililala Bukavu kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Usiku mvua ya kwanza ikashuka. Nikasikia tone, kisha tone jingine, kisha sauti ya maji ndani ya sufuria. Shangazi alikuwa amekwisha kuamka, anakivuta kitanda chake kuelekea ukutani, gizani, bila kujikwaa. Alikuwa na sufuria tatu na beseni moja, na kila chombo kilikuwa na mahali pake. "Lala tu, mwalimu," akaniambia. "Upande wako hauvuji sana."

Shangazi ana miaka 78. Nyumba hiyo aliijenga pamoja na marehemu mumewe kwa matofali ya udongo. Mabati yaliwekwa kabla sijazaliwa. Kutu imeyatoboa, na miti inayoyashika imeliwa na mchwa.

Wasomaji wapenzi, mtauliza: je, hana watoto? Anao, wanaume watatu. Wawili wanakaa Bukavu. Yule wa katikati alipokelewa Marekani kama mkimbizi, katika jimbo la Kentucky, waliko Wakongomani wengi. Na kazi yake huko, msicheke, ni kuezeka nyumba za watu.

Huyo alikwisha kutuma fedha za mabati. Mama yake alizikataa. Asubuhi ile nilimwuliza sababu, naye akajibu akichambua maharagwe: "Mwanangu, atakayeleta bati, kesho atasema nyumba ni yake. Na asiposema yeye, ndugu zake watasema ameinunua. Heri mvua kuliko kesi." Nilikasirika moyoni, nikadhani ni ukaidi wa uzee. Katika seminari nilifundishwa vema amri ya nne, nami sasa naifundisha darasani; lakini hakuna aliyenieleza jinsi ya kumheshimu mama anayeogopa msaada wa mtoto wake mwenyewe.

Nilimwandikia binamu yangu habari hizo. Jibu lake lilikuwa refu, na sehemu kubwa ilihusu mjane mmoja mzee wa kijijini huko, ambaye yeye na wenzake walimwezekea nyumba kwa fedha za Serikali. Alitaka kujua fedha hizo zatoka wapi, akaelezwa. Marekani ina sheria ya nyumba ya mwaka 1949, na kifungu chake cha 504 kinawahusu watu maskini wa vijijini na miji midogo wenye nyumba zao wenyewe. Wanaweza kukopeshwa mpaka dola 40,000 kwa riba ya asilimia 1, na kulipa kwa muda wa miaka 20. Mzee aliyetimiza miaka 62, asiyeweza kulipa mkopo, anaweza kupewa msaada usiorudishwa, kwa kawaida usiozidi dola 10,000 katika maisha yake yote. Fedha hizo si za mapambo. Ni za kuondoa yale yanayohatarisha afya na usalama, kama paa bovu au nyaya mbovu za umeme. Tena akiuza nyumba kabla ya miaka 3 kupita, sharti aurudishe msaada. Fedha zenyewe hutengwa na Bunge lao kila mwaka, na wako wanaosubiri.

Lakini kilichomgusa binamu yangu hakikuwa hesabu hizo. Aliandika kwamba yule bibi alitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na kazi ilipokwisha hakuna mtoto wake aliyeweza kusema, "Mimi ndimi niliyemwezekea mama." Niliposoma hayo, nilimwelewa shangazi kwa mara ya kwanza.

Na kwetu? Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inatambua haki ya kuwa na makao yafaayo; kifungu cha 49 kinasema wazee wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Siku nilipovifundisha, mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mzee aende ofisi gani?" Nilimwambia afungue ukurasa unaofuata. Naona haya hata leo.

Tena kuna jambo la karatasi. Yule bibi wa Kentucky alipaswa kwanza kuonyesha kwamba nyumba ni yake. Shangazi alinitolea mfuko wa plastiki uliofichwa chini ya godoro: ndani mlikuwa na karatasi moja ya kununulia kiwanja, yenye jina la mumewe. Lakini kwa sheria yetu ya mwaka 1973 udongo ni wa Serikali, na hati yenye nguvu ni ile iliyoandikishwa. Hiyo hana. Hata sanduku la msaada likifunguliwa kesho, mjane kama huyu atabaki mlangoni.

Basi niliwaendea wazee wa shirika letu. Walikutana nyumbani kwake siku ya Jumapili, baada ya Misa, nami nikaandika kwenye daftari la shule: fedha za mabati ni zawadi kwa mama, hazimpi mtu sehemu yoyote ya nyumba, na mama ndiye mwenye neno maadamu yu hai. Binamu alikubali kwa simu mbele ya wote. Mdogo wake akatia sahihi. Shangazi akaweka kidole gumba, kisha akanisukumia kalamu: "Na wewe pia, kwa kuwa utapanda juu." Mkubwa hakuja. Alituma neno kwamba atafikiri.

Mabati yaliyonunuliwa ni 20. Shangazi aliruhusu 11 tu, ya chumba anacholala. Tuliyapigilia Jumamosi moja, kati ya mvua mbili. Tisa yameegemezwa ukutani sebuleni yakimngoja mwana mkubwa, na karibu nayo beseni liko mahali pake.