Je, Tuombe Video Ile Ifutwe?



Baadhi yenu mlinijia baada ya misa, simu mkononi, mkaniomba niungane nanyi kuiripoti video moja kwa wenye mtandao mpaka ifutwe. Ndani yake mtu anawacheka mapadre, anauliza matoleo ya waamini yanakwenda wapi. Nimeitazama mpaka mwisho (muziki wake ni mbaya kuliko maneno yake). Sitaungana nanyi, na mnastahili kujua sababu.

Wengi wenu mlikuwa wadogo tarehe 31 Desemba 2017. Mwaka mmoja kamili kabla ya siku hiyo, kwa upatanishi wa Maaskofu wetu, wanasiasa walitia sahihi mapatano ya Saint-Sylvestre, yaliyotaka uchaguzi ufanyike kabla ya mwisho wa 2017. Haukufanyika. Ndipo Comité laïc de coordination, kamati ya walei wakatoliki, ikawaita waamini waandamane kwa amani baada ya misa. Wengi walitoka na Biblia na rozari. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo serikali ilikuwa imekwisha kuyaamuru makampuni ya simu yakate intaneti na ujumbe mfupi nchini kote, kwa ajili ya usalama wa taifa, ilisemwa. Asubuhi mabomu ya machozi yaliingia hata makanisani, na watu wakauawa. Sisi wakatoliki tulilalamikia kunyamazishwa kule, tena kwa haki. Waliotunyamazisha walisema maneno yetu ni hatari. Neno hilo hilo, hatari, ndilo mlilolitumia mliponieleza habari za video.

Kanisa nalo liliwahi kuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa, tangu karne ya 16 hadi Papa Paulo VI alipoiondolea nguvu ya sheria mwaka 1966. Kitabu cha Galileo kilitolewa humo mwaka 1835 tu. Dunia haikungoja ruhusa ili ilizunguke jua.

Tena si kila anayetukosoa ni adui. Mwaka 2002, huko Boston, Marekani, gazeti la Boston Globe lilifichua jinsi mapadre walionajisi watoto walivyohamishwa kutoka parokia hadi parokia. Habari ilikuwa ya kweli. Kardinali wa huko alijiuzulu mwaka huo huo, na mwaka 2019 Papa Fransisko akaweka sheria inayowalazimu mapadre na watawa kuwaarifu wakuu wao juu ya makosa hayo. Kama gazeti lile lingefungwa kwa heshima ya Kanisa, ni watoto ambao wangelipa.

Simaanishi kila kitu kiachwe. Anayewaita watu wa kabila jingine nyoka na kutaka wauawe, mripotini bila kusita. Katika nchi hii tunajua maneno hayo huishia wapi. Lakini swali juu ya matoleo ni swali, hata likiulizwa kwa dharau.

Kanuni ya 212 ya Sheria za Kanisa inawapa waamini haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao juu ya mema ya Kanisa. Kwa hiyo nimeliandikia baraza la parokia, nikiomba hesabu za matoleo ya mwaka huu zibandikwe mlangoni pa kanisa. Barua ingali kwangu hadi Jumapili, na chini ya sahihi yangu nimeacha nafasi ya sahihi zenu.