Nyembamba Kama Bahasha

Shuleni tuliambiwa ni kipakatalishi. Ukunda hilo neno halimfikishi mtu popote, sema laptopu. Na ukitaka kuuza yako haraka, sema ni nyembamba.

Huu ugonjwa una tarehe. Januari 2008 Steve Jobs aliichomoa MacBook Air kutoka kwenye bahasha ya ofisini, watu wakapiga makofi. Ndani, RAM ya GB 2 ilikuwa imelehemewa kwenye bodi, na betri haikutoka bila kufungua skrubu za chini. Miaka ikapita, kampuni nyingine zikafuata.

Nisiwaonee wahandisi. Soketi ya RAM inakula nafasi, na RAM aina ya LPDDR, inayotumia umeme kidogo, inataka kukaa karibu sana na prosesa. Kwa hivyo inalehemewa. Huo umeme kidogo si mchezo. Stima ikipotea Msambweni jioni na mhariri anangoja makala asubuhi, saa 3 za ziada ndizo kodi ya nyumba. Yangu imeniokoa hivyo mara nyingi, siwezi kuitukana.

Lakini GB 8 sasa hazitoshi. Faili moja refu, kivinjari, simu ya video na mteja, tayari imeganda. Fundi akaifungua, akanionyesha chipu. "Hii hutoi, kaka. Uliyonunua ndiyo hiyo hiyo mpaka ife."

Betri ndiyo inayoniudhi kweli. Lithiamu huchakaa tu, na joto huiharakisha. Diani mwezi wa Februari hata feni hupuliza moto. Ikivimba ndani ya mwili mwembamba haina pa kwenda, inainua tachipadi. Sasa kitu kinachojulikana kitakufa, unakibandika gundi kwa nini? Hapo sioni uhandisi, naona hesabu ya mauzo.

ThinkPad T480 ya 2018 ina unene wa milimita 20 hivi. Betri moja iko ndani, nyingine unaibadilisha bila kuzima mashine, na RAM ina soketi 2. Mwaka 2024 zikaanza kuuzwa laptopu zenye LPCAMM2, yaani LPDDR inayofungwa kwa skrubu, kwa hivyo inawezekana. Ila hizo ni za bei ya pikipiki. Fundi ana T480 ya mtumba, pembe moja imevunjika. Anataka yangu pamoja na elfu 6 juu. Nimemwambia angoje invoisi ilipwe.