Mnene Si Lazima Awe Mlafi

Katika kufundisha sayansi hapa chuoni nimeona kwamba swali jepesi ndilo huficha dhana iliyo ngumu kung'oka. Mfano ninaoupenda ni huu: nachora ubaoni nguruwe wawili wa umri mmoja, mmoja amejaa shahamu, mwingine misuli, kisha nawauliza wanachuo sababu. Jibu huja upesi: "Yule mnene ni mlafi." Naliandika ubaoni bila kulisifu wala kulikataa, na kuuliza: "Tutalithibitishaje?"

Wakiisha kupendekeza kwamba nguruwe hao wapewe chakula cha namna moja na kwa kipimo kimoja, ndipo ninapowasimulia kazi iliyoanzishwa mwaka 1954 huko Beltsville, katika jimbo la Maryland, Marekani. Wataalamu walichukua nguruwe wa mbegu za Duroc na Yorkshire. Katika kila mbegu, wenye shahamu nene mgongoni walizalishwa peke yao, na wenye shahamu nyembamba peke yao. Kizazi baada ya kizazi, koo hizo zikaachana. Uchunguzi uliofuata juu ya koo za namna hii ulionyesha kwamba hata wakila sawasawa, ukoo wa wanene huweka shahamu zaidi na kujenga misuli kidogo.

Sababu imo katika umetaboli, yaani kazi za kikemikali ambazo kwazo mwili hujenga na kuvunja vitu. Chakula kilichomeng'enywa huingia damuni, na kila tishu huchukua fungu lake. Msuli hutumia glukosi na asidi za mafuta kupata nishati, na asidi amino kujenga protini. Kwa nguruwe, mafuta hutengenezwa hasa ndani ya tishu ya shahamu yenyewe, wala si katika ini. Na kwa wale wanene vimeng'enya vya kazi hiyo hufanya kazi kwa bidii zaidi. Hasara humfikia mfugaji. Gramu ya mafuta ina kilokalori 9, ya protini 4, tena karibu robo tatu ya msuli ni maji. Kwa hiyo kilo ya shahamu hula chakula kingi kuliko kilo ya nyama.

Palipo na watoto ambao dini yao inawakataza nguruwe, mchoro watosha. Tunafundisha habari za mwili, si za kitoweo.

Mtoto si nguruwe, na unene wa binadamu una sababu nyingi, chakula kikiwa mojawapo. Lakini katika darasa utakalopewa huenda akawamo mtoto mnene ambaye wenziwe humwita mlafi, wakitazamia mwalimu acheke pamoja nao. Mwalimu aliyezoea kuuliza, "Tumepima nini?" hatacheka. Atawafundisha nao kuuliza.