Simba wa Lang'ata na Watoto wa Gikomba

Kutoka Gikomba hadi lango kuu la Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, kando ya Barabara ya Lang'ata, ni mwendo wa takriban kilomita 10. Mchuuzi wa Gikomba huenda akatembea zaidi ya hapo kwa siku moja, makoti begani, akitafuta wateja. Hata hivyo, wapo watoto waliozaliwa Pumwani, Majengo na Shauri Moyo, wakasoma hadi darasa la mwisho la shule ya msingi, wakazihifadhi hekaya za Sungura na Fisi neno kwa neno, na hawajapata kumwona simba kwa macho yao. Simba wanaomjua ni wa kitabuni, pamoja na yule wa sarafu ya shilingi 10 iliyotolewa mwaka 2018, ambaye hupita mikononi mwa mama zao kutwa nzima.

Waama, wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1946, na tangu hapo watalii wamekuwa wakivuka bahari kuja kuitazama. Mwenyeji wa Eastlands haikwepi kwa uvivu. Mbuga haiingiliki kwa miguu. Sharti gari, na gari ndicho kitu ambacho familia ya Gikomba haina. Kwa hiyo iliyo wazi kwake ni ile bustani ndogo iliyo jirani na lango, iliyofunguliwa mwaka 1964 na ambayo leo iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori: Kituo cha Wanyama Yatima. Hapo mtu hushuka kwenye matatu, akalipa kiingilio, akapita kwa miguu mbele ya vizimba, akamwona simba, chui na duma kabla ya saa sita za mchana. Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Nairobi vimemjulia simba hapo, nyuma ya waya.

Je, ni halali kwenda kumtazama? Swali hili aghalabu huulizwa na mtalii wa ng'ambo aliyekwisha kuwaona simba wa Maasai Mara, naye huweza kulijibu kwa wepesi kwa kuwa hana la kupoteza. Katika soko la Gikomba liliulizwa kwa namna nyingine, na jibu lake liligharimu.

Kulikuwa na chama cha akina mama 14 wauza mitumba waliokuwa wakiweka akiba kila juma ili Desemba wawapeleke watoto wao matembezi. Mhazini wao, mama mmoja muuza nguo za watoto, alikwisha kupiga hesabu za nauli, kiingilio, soda na mkate. Daftari lilikuwa safi. Aliyelivuruga ni mwanawe mwenyewe, kijana wa chuo kikuu, aliyekuja sokoni Jumamosi kumsaidia mama kufungua mtumba.

"Mama," akasema, "mnakwenda kuwaonyesha watoto wafungwa."

"Mwanangu, wewe simba ulimwona wapi mara ya kwanza? Si huko huko, ulipopelekwa na shule?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana najua. Alikuwa akienda na kurudi, akienda na kurudi, njia moja, mpaka nyasi zikaisha pale alipopita. Mwalimu alituambia anafanya mazoezi."

Wataalamu wa tabia za wanyama wanayo maelezo mengine. Mnyama wa mawindo, ambaye porini angetembea kilomita nyingi kwa usiku mmoja, akifungiwa mahali finyu huanza kurudiarudia mwendo uleule usio na shabaha, na hiyo ni dalili ya dhiki. Mama hakuhitaji kuambiwa hayo na wataalamu. Alinyamaza, akaendelea kupanga nguo, kisha akauliza swali ambalo mwanawe hakulitarajia: basi watoto wa matajiri waende mbugani kwa magari yao, na hawa wa Gikomba wabaki na picha?

Hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo. Pumwani, iliyo pua na mdomo na Gikomba, ilianzishwa na serikali ya kikoloni mapema katika miaka ya 1920 ili Waafrika wa mjini wawe na mahali pao maalumu pa kuishi, na enzi hizo mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na kipande. Wajukuu wa watu hao wanapoambiwa leo kwamba mahali pekee wanapoweza kumwona mnyama wa nchi yao si pa kuadilifu, hawakosei wakiuliza uadilifu huo ulikuwa wapi siku zote. Lakini dhuluma aliyotendewa babu haimpi mjukuu idhini ya kumtazama mnyama akidhikika, na kijana yule hakuwa mpumbavu.

Neno lenyewe yatima linastahili kutazamwa na wanafunzi wa lugha. Katika Kiarabu, lilikotoka, wanaleksikografia wa kale walipambanua: mwanadamu huwa yatima kwa kufiwa na baba, mnyama kwa kufiwa na mama. Ndama wa tembo aliyeokotwa kando ya mzoga wa mamaye, pembe zikiwa zimekatwa, ni yatima kwa maana kamili. Mnyama aliyezaliwa kizimbani, mamaye yu hai kizimba cha pili, si yatima hata kidogo. Na akiitwa hivyo, jina linafanya kazi ya pazia. Mzuru huingia akidhani anatoa sadaka kumbe ananunua tamasha.

Ufasaha wa majina katika jambo hili haukuanza leo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ndama wa tembo alikamatwa nchini Kenya ili awe zawadi ya serikali kwa bustani ya wanyama ya London. Aliitwa Pole Pole. Kabla ya kusafirishwa alishiriki katika filamu pamoja na waigizaji Virginia McKenna na Bill Travers, wale waliokuwa wameigiza kisa cha Elsa, simba jike wa Joy Adamson. Waliomba wamnunue ili abaki Kenya. Wakaambiwa kwamba huyo akibaki, mwingine atakamatwa mahali pake. Wakajitoa. Mwaka 1982 walikwenda kumtazama London, na tembo yule akawajia, akawanyoshea mkonga. Oktoba 1983 akafa, angali kijana kwa umri wa tembo. Mwaka uliofuata waigizaji hao walianzisha harakati ya kuzichunguza bustani za wanyama, ambayo ndiyo asili ya shirika la Born Free. Hivyo tembo mwenye jina la Kiswahili akawa chanzo cha mjadala mkubwa Ulaya, ilhali katika nchi aliyozaliwa wanaomkumbuka ni wachache mno.

Novemba 2005 mambo yalikaribia kurudi. Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu wa Thailand, Thaksin Shinawatra, walitia saini makubaliano ya kupeleka zaidi ya wanyama 100 wa Kenya katika bustani ya usiku huko Chiang Mai. Safari hii Wakenya walipiga kelele, wakaenda mahakamani, na mahakama ikausimamisha mpango huo. Wanyama hawakuondoka. Mtu anaweza kumlinda mnyama asiyemwona.

Tuhuma ya kijana, hata hivyo, ilikuwa pana mno. Si kila uzio ni jela. Sokwe wa Sweetwaters, huko Ol Pejeta, walianza kuletwa kutoka Bujumbura mwaka 1993 wakati Burundi ilipotumbukia vitani. Kenya haina misitu ya asili ya sokwe. Kuwafungulia ni kuwaua. Kituo cha tembo cha Sheldrick, ndani ya mbuga hiyo hiyo ya Nairobi, huwaonyesha ndama kwa muda wa saa moja tu kwa siku, na ndama hao wakikua hupelekwa Tsavo wajiunge na makundi ya porini. Kituo cha Twiga cha Lang'ata huuza furaha ya kumlisha twiga mkononi, jambo ambalo wakali wa maadili hawalipendi. Lakini kimezalisha twiga wa jamii iliyokuwa ikitoweka, na baadhi yao wakarudishwa katika hifadhi. Kwa macho ya mpita njia, mahali pote hapo ni waya na malango. Tofauti iko nyuma ya pazia: mnyama alitoka wapi, na je, iko siku atatoka?

Mama yule alilifahamu jambo hili upesi kuliko mwanawe, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mtumba ukifunguliwa Gikomba, nguo hupambanuliwa papo hapo. Zile bora huitwa kamera, na huchukuliwa alfajiri na wenye maduka; za mwisho kabisa huitwa fagia. Zote zimetoka katika furushi moja lililoandikwa jina moja. Mnunuzi anayesoma maandishi ya furushi peke yake hurudi nyumbani na fagia. Ndivyo mahali pa wanyama palivyo: panapouza picha ya kumkumbatia duma pamekwisha kujieleza, hata kama langoni pameandikwa "hifadhi".

Chama kilipokutana, maneno yalikuwa mengi. Mwanachama mmoja alicheka, akauliza ni lini kijana huyo alipowalilia kuku waliosongamana vizimbani sokoni, tena yeye hula. Lilikuwa swali zuri, na halikujibiwa. Mwingine akasema akiba ni ya watoto, si ya simba. Mhazini aliwasikiliza wote, kisha akafungua daftari ukurasa mpya. Alikuwa amekwenda kwa dereva mmoja wa matatu ya abiria 33, akauliza kodi ya nusu siku, akaongeza kiingilio cha mbuga. Ikiwa wangeacha soda, na kila mama akaongeza mchango wa majuma mawili, gari lingeingia ndani. Kura zilikuwa 9 kwa 5.

Desemba wakaingia. Watoto walibanana wawili wawili kitini. Waliona pundamilia, twiga, nyati, na faru mmoja kwa mbali aliyefanana na jiwe hadi alipogeuka. Waliteremka mahali ambapo pembe za ndovu zilichomwa mwaka 1989, na tena mwaka 2016, wakalitazama jivu. Simba hawakumwona. Dereva alizunguka kila bonde, akawauliza waongozaji wa magari mengine, wapi! Saa nane wakarudi langoni, mtoto mdogo kuliko wote akilia kwa kwikwi, kwa sababu alikuwa ameahidiwa simba.

Kituo cha Wanyama Yatima kiko hapo hapo langoni. Watoto waliyaona maandishi, na waliojua kusoma wakawasomea wasiojua. Mama watano waliopiga kura ya hapana hawakusema neno. Waliwatazama wenzao tu. Mhazini akahesabu fedha zilizosalia, akakuta zinatosha viingilio vya watoto na vya mama wawili wa kuwasindikiza. Akanunua tikiti, akamshika mkono yule aliyekuwa akilia, wakaingia.

Mwanawe hakuingia. Aliketi nje kivulini, akilinda viatu na chupa za maji.