Misimu Minne Katika Ziwa Bunyonyi

Sisi tunaoishi Gerezani tumezoea joto na kelele. Tangu alfajiri mikokoteni inaelekea Kariakoo, mabasi ya mwendokasi yanapita, na mtu akitaja baridi unawaza soda ya kwenye friji. Kwa hiyo mimi, mwuza vitenge, sikutegemea kwamba ningekwenda mara nne katika mwaka mmoja kwenye mji ambao watu wake hulala na mablanketi mawili.

Mji huo ni Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Rwanda. Kilomita chache kutoka mjini, nyuma ya kilima, ndipo lilipo Ziwa Bunyonyi. Liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakati Lushoto yetu, tunayoisifia kwa baridi, iko mita 1,400 hivi. Wageni hupalinganisha na Uswisi. Theluji haipo, lakini milima ipo, ukungu upo, na nyumba za wageni zimejengwa kando ya maji.

Jina Bunyonyi maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi. Inaelezwa kwamba maelfu ya miaka iliyopita volkano ilimwaga lava ikaziba bonde la mto. Maji yakapanda, na vilele vya vilima vikabaki kuwa visiwa. Leo vinahesabiwa visiwa 29.

Wifi yangu ameolewa huko, naye ni mkunga. Mimi nilikuwa na sababu ya kwenda ambayo sikumwambia mtu yeyote mtaani.

Machi: Mvua

Mapema mwaka 2023 binti yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, aligundulika kuwa ni mjamzito. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike habari hii, ila jina lake silitaji. Baba yake alinyamaza siku tatu, kisha akasema, "Apelekwe kwa shangazi yake." Mimi nilishukuru. Majirani niliwaambia amehamishiwa shule ya bweni, na kina mama wenzangu wa kanisani niliwaambia vivyo hivyo.

Tulipanda basi hadi Bukoba, safari ya zaidi ya saa ishirini, kisha tukavuka mpaka Mutukula, tukapita Masaka na Mbarara. Kadiri tulivyokaribia Kabale ndivyo barabara ilivyozidi kupanda. Milima yote imelimwa kwa matuta kama ngazi, tangu bondeni hadi kileleni, viazi mviringo huku, maharage kule. Machi hadi Mei ni msimu wa mvua. Njia zilikuwa matope, na ziwa lilifunikwa na ukungu, hata sikuliona vizuri. Sikulitazama sana. Nilikaa siku mbili nikarudi dukani kwangu. Binti alisimama mlangoni kwa shangazi yake amejifunika kitenge nilichomletea. Hakulia. Mimi nililia ndani ya basi.

Julai: Baridi

Juni hadi Agosti mvua hupungua. Mchana ni jua zuri, lakini usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Ndio wakati ambao ziwa linaonekana lote, maji ya kijani yakijipinda katikati ya vilima kwa urefu wa kilomita 25. Mtama ulikuwa umeiva. Wifi alinipa bushera ya moto, kinywaji cha mtama kinachokaribiana na togwa letu.

Jumamosi tulikodi mashua, wifi, binti yangu na mimi. Watoto walitupita wakipiga kasia katika mitumbwi ya magogo ya mkaratusi, kama wetu wanavyorukia daladala. Ziwa hili halina mamba wala viboko, kwa hiyo hata wadogo hawaogopi.

Kwanza tulifika Kisiwa cha Bwama. Mwaka 1921 madaktari wawili wamisionari Waingereza, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walifika Kabale kuanzisha kazi ya hospitali. Walikuta wagonjwa wengi wa ukoma waliokuwa wakifukuzwa na ndugu zao. Mwaka 1931 kilianzishwa kijiji cha wagonjwa hao pale Bwama. Walitibiwa, wakalima, wakajenga nyumba na kanisa. Dawa bora zilipopatikana na watu kuanza kupona, kituo kilifungwa katika miaka ya 1980. Sasa kuna shule.

Tulipokuwa tukirudi, mwenye mashua alituonyesha kisiwa kidogo sana, majani tu na mti mmoja. Wifi akatafsiri. Kinaitwa Akampene, yaani Kisiwa cha Adhabu. Zamani msichana wa Kikiga aliyepata mimba kabla ya kuolewa alipelekwa pale na kuachwa. Hakuna chakula wala mtumbwi. Wengi walikufa kwa njaa, au walizama wakijaribu kuogelea. Mwanamume maskini asiye na ng'ombe wa kutoa mahari aliweza kwenda kumchukua mmoja wao awe mke wake. Mila hiyo ilikoma katika karne iliyopita, lakini hata mwaka 2017 BBC ilimhoji bibi mmoja mzee aliyewahi kuachwa pale.

Binti yangu aliuliza, "Nani alikuwa anawaleta?"

Mwenye mashua akajibu, "Watu wa nyumbani kwao."

Hakuuliza tena. Aligeuka akatazama maji, mkono wake juu ya tumbo. Nilitaka kusema kwamba mimi sikumwacha bila chakula, kwamba nilimleta kwa shangazi yake, na kwamba kila mwezi natuma fedha. Yote hayo ni kweli. Lakini nilijua kwa nini nilichagua mji ulio mbali kiasi kile. Sikumpeleka apate matunzo tu. Nilimpeleka ili asionekane.

Usiku ule, chini ya mablanketi mawili, nilimwomba mwanangu msamaha. Akaniambia, "Mama, mimi nilidhani hutakuja kunichukua."

Septemba: Kuzaliwa

Mvua ilianza tena. Mtoto wa kiume alizaliwa salama mikononi mwa wifi yangu. Wakati wa mvua watalii hupungua, na ndege hulia kutwa kwenye matete. Mimi sikwenda popote. Nilifua nepi na kuzianika jikoni karibu na moto, maana nje hazikauki.

Desemba: Kurudi

Sikukuu ya Krismasi tulisali Kabale. Watu walishuka vilimani kwa miguu wamevaa nguo mpya, na wa visiwani walivuka kwa mitumbwi. Hapo ndipo nilipolitazama ziwa kwa moyo mweupe. Ni zuri kweli kweli.

Tulifika stendi ya Mbezi Luis saa tano asubuhi. Nilikuwa nimepanga tukae kwa ndugu yangu Kimara mpaka usiku, ndipo tuingie Gerezani. Binti akaniuliza, "Mama, tunasubiri giza?"

Nikambeba mtoto mgongoni. Tuliingia mtaani kwetu saa saba mchana, maduka yote wazi. Jirani akauliza, "Huyu wa nani tena?" Nikamjibu, "Mjukuu wangu." Walisema waliyosema. Jioni yule yule jirani alileta uji wa mzazi.

Tangu Novemba 2021 Serikali yetu iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Januari 2024 binti yangu alirudi darasani. Mtoto alikuwa na mimi dukani, amelala juu ya majora ya vitenge.

Ukipenda Kwenda

Nenda Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari. Chukua pasipoti au hati ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Usisahau sweta, soksi na koti la mvua, hata wakati wa kiangazi. Mashuani watoto wavae jaketi la kuokolea, maana kina ni kirefu hata karibu na ukingo. Onja viazi vya Kabale na wale kamba wadogo wa ziwani. Mpe salamu mwenyeji wako kwa kusema "Agandi", naye atafurahi.

Na utakapokuwa katikati ya maji, mwombe mwenye mashua akuonyeshe vile visiwa viwili, Akampene na Bwama. Katika ziwa moja watu waliwapeleka watoto wao wakafe, na wengine wakawapokea waliofukuzwa. Mama mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna binti aliyekosea, jiulize unampeleka kisiwa gani. Mimi nilikaribia kukosea njia.