Siri ya Mgonjwa Kwenye Kompyuta

Kina mama wanaokuja kuniuliza masuala ya ndoa siku hizi huniuliza na hili: niyasemayo kwa daktari, yakishaingizwa kwenye kompyuta, yatasomwa na nani? Si wasiwasi wa bure. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inakusudia kuziunganisha hospitali katika mfumo mmoja, na karani wa hospitali, katika miji yetu hii, hakosi kuwa jamaa ya mtu.

Mwaka 2015 Rais aliagiza yakusanywe majina ya wanafunzi wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na ya mama wajawazito na wanyonyeshao walio navyo. Watetezi wa haki wakaenda mahakamani, na Disemba 2016 Mahakama Kuu ikahukumu kuwa agizo lile lilivunja Katiba.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imempa mgonjwa haki ya kujua habari zake zinatumiwaje, kuziona na kutaka zisahihishwe. Hata hivyo, afunguaye kompyuta ni mwanadamu. Yeye ndiye aliyebebeshwa amana, na kumhadithia shemeji yake ni khiyana, hata asipopata senti.

Ninalolihofia zaidi ni mama anayetoa jina la uongo, au kuficha dawa anazotumia, kisha akapewa nyingine isiyopatana nazo. Muulize daktari kwanza: nani atayaona haya? Siri ikitolewa, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo.