Kijani Katika Nyumba ya Mji Mkongwe

Ukipita mtaa wa Kiponda, Unguja, wakati wa alasiri, ukakuta mlango u wazi, piga hodi na utazame ndani kwa adabu. Utaona ukuta mnene, karibu nusu mita, na chumba kirefu chembamba. Wembamba huo haukutokana na ubahili. Boriti za mikoko zinazobeba dari kwa kawaida hazivuki mita tatu. Mwanga huingia kwa kiasi, ndiyo maana wenyeji wa mji huo, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, walizoea chokaa nyeupe.

Mimi, kwa kujiona mjuzi wa mapambo, nilikwenda kinyume. Mwaka 2009 nilitaka kumfurahisha shangazi yangu. Nikanunua rangi ya mafuta, kijani iliyokoza kama jani la mwembe, nikapaka chumba chake cha wageni kuanzia sakafuni hadi kwenye boriti. Kila aliyeingia alisifu. Buli la shaba lilimeta mbele ya ukuta ule, na mtu aliyetoka juani alihisi ameingia kivulini. Sikatai hata leo: rangi ile ina heshima yake.

Kisha masika ikaja. Kuta za huko, za mawe ya matumbawe na chokaa, hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa hewani polepole. Rangi ya mafuta huziba njia hiyo. Ukuta ukafanya malengelenge, chumvi ikachanua, lipu ikamomonyoka, na harufu ya ukungu ikatanda. Shangazi hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, ukuta wako unatoka jasho," akahamishia kitanda ukumbini, na wageni wake wakalala huko mwaka mzima.

Kilichonitisha zaidi ni mjukuu wake wa miaka miwili, aliyekutwa akitafuna ganda la rangi. Rangi nyingi za kijani za zamani zilichanganywa kwa buluu na manjano yenye madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kopo langu halikuandikwa viungo vyake. Kwa hiyo fundi alikataa katakata kutumia msasa mkavu. Aliulowesha ukuta kwanza ili vumbi lisiruke, watoto wakapelekwa kwa jirani, na maganda yote yakafungwa ndani ya mfuko.

Ukuta ulipokauka alipaka chokaa, mkono mwembamba juu ya mkono mwembamba. Nikamwuliza kama kijani yangu haiwezi kutiwa humo. Alijibu kuwa yawezekana, lakini kidogo tu; ikizidi, chokaa haishiki, na huchafua nguo ya kila anayeegemea. Tena hutoka kijani changa, iliyopauka, siyo ile niliyoitamani.

Ndipo kijani ikahamia kwenye mbao: madirisha, fremu za mlango, na kabati. Mbao kavu huivumilia vyema rangi ya mafuta, na dirisha moja lililokoza huonekana zaidi mbele ya ukuta mweupe kuliko kuta nne za giza. Ila nyuma ya kabati, mahali ambapo brashi ya fundi haikufika, kimebaki kipande cha kazi yangu, ukubwa wa sinia. Shangazi huwaonyesha wageni.